Swali Lako Lianzie Jikoni Kwenu

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeisomea barazani kwa utulivu, maana ndani yake nimewaona wenzako wengi wanaoniandikia. Umemaliza shahada ya kwanza, matokeo yako ni mazuri, na sasa unataka kuwa msomi wa sera za tabianchi na nishati. Unataka kufundisha chuo kikuu, kuandika na kuitwa kwenye mikutano mikubwa. Halafu mwishoni kabisa umeuliza kwa woga: “Dada, hii ni kazi kweli, au nitazeeka nikiwa mwanafunzi?”

Ni kazi, mdogo wangu, na ni kazi ya heshima. Lakini kaa kitako tuzungumze, kwa sababu wengi wanaoingia humu wanaingilia dirishani. Wameona picha za watu wenye vitambulisho shingoni kwenye mikutano ya tabianchi, Dubai, Baku na kwingineko, wakadhani hapo ndipo kazi inapofanyika. Sikulaumu kama na wewe ulianza hivyo. Kijana kutamani kusafiri si dhambi. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Yule unayemwona ameketi mbele na kipaza sauti amekesha miaka mingi juu ya swali moja, na swali hilo huenda lilianzia kijijini kwao.

Ngoja nikusimulie lililonifundisha mimi. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa Mbagala, dodoso mkononi, nazunguka nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanapikia nini. Nikafika kwa mama mmoja wa makamo. Nikamuuliza kama nilivyoandikiwa: “Mama, una jiko la gesi?” Akajibu, “Ninalo.” Nikaweka tiki. Mtungi nikauona kwa macho yangu, ule mdogo wa kilo sita, umesimama kwenye kona ya sebule, umefunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono kama pambo. Nilipotoka uani nikakuta maharage yanatokota juu ya jiko la mkaa. Nikasimama. Nikamuuliza tena, safari hii dodoso nimelikunja: “Mama, na ule mtungi?” Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jambo la wazi. “Mwanangu, mkaa nanunua kopo. Gesi nani ataniuzia kopo?”

Mdogo wangu, pale nilisimama nikaona aibu ya ile tiki. Kwenye karatasi yangu yule mama alikuwa ameshahesabiwa kuwa mtumiaji wa nishati safi. Moshi ulikuwa unamwingia machoni, na mimi nilikuwa nimeandika kwamba ameshaokoka. Shida yake haikuwa kutojua faida za gesi. Alikuwa anazijua kuliko mimi. Shida ilikuwa kwamba fedha yake inaingia kidogo kidogo kila siku, na mtungi unadai fedha nyingi kwa siku moja. Kampeni ya kumwelimisha isingembadilisha. Kinachombadilisha mtu kama yeye ni njia ya kulipa inayofanana na kipato chake, kama zile mita za gesi zinazolipiwa kidogo kidogo kwa simu, mtindo uleule wa LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Hiyo ndiyo sera ya nishati. Maneno makubwa yasikutishe. Sera ni kuuliza nani anapata, nani anakosa, nani analipa, na nani ameamua hivyo. Tanzania ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Ni lengo zuri, na naliombea. Lakini nani atakwenda uani kuangalia sufuria iko juu ya jiko gani? Atakayehesabu mitungi iliyogawiwa atapata jibu moja, na atakayehesabu mitungi iliyojazwa tena atapata jibu jingine. Kazi yako wewe msomi ni hilo jibu la pili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na nitaurudia mpaka unichoke: tafuta swali kabla hujatafuta ufadhili. Wengi mnafanya kinyume. Mnasikia mwaka huu wafadhili wanapenda hidrojeni ya kijani, mnaandika hidrojeni. Mwaka kesho ni masoko ya kaboni, mnahamia kaboni. Baada ya miaka sita una vyeti vingi na huna jambo hata moja ambalo watu wakilitaja watasema, “Hili muulizeni fulani.” Mshika mbili moja humponyoka, na wewe umeshika saba.

Na maswali yametuzunguka, mdogo wangu. Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji kwenye mabwawa kama Mtera, na nchi ikakaa kwenye mgawo wa umeme. Leo tuna Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Je, mvua zinapobadilika tabia, nchi inayotegemea sana maji ijipangeje? Mwaka huohuo wa 2024 mafuriko yalizamisha mashamba Rufiji na Kibiti, na watu wakabishana: ni mvua, au ni bwawa? Mabishano ya namna hiyo hayamalizwi kwa sauti kubwa. Yanahitaji mtu aliyekaa na vipimo vya mto vya miaka mingi, na aliyekaa pia na wakulima wa bondeni wanaojua maji yalikuwa yakija lini.

Ukiwa Kenya, kuna Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi umekuwa ukizalishwa tangu 1981. Kuna mitambo ya upepo karibu na Ziwa Turkana, 365 kwa idadi, yenye uwezo wa megawati 310. Nishati safi hiyo, kila mtu anaisifu. Lakini mwaka 2021 mahakama iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi ule hazikupatikana kwa utaratibu unaotakiwa. Unaona? Upepo ni safi, ardhi ina mgogoro. Mwanasheria kijana anayetaka swali la miaka kumi, hilo hapo.

Sasa uniulize, “Dada, mimi nilisoma uchumi, mwenzangu jiografia, mwingine uhandisi. Nani anafaa?” Wote mnafaa, ila kila mmoja awe na mzizi wake. Uwanja huu unachanganya taaluma nyingi, na mchanganyiko huo huwadanganya vijana wakadhani unatosha kujua kidogo kila kitu. Hapana. Kama ni mchumi, uwe mchumi hasa, anayeweza kufungua bei ya uniti moja ya umeme na kuonyesha kila shilingi imeingia vipi. Kama ni mwanasheria, mkataba uusome mpaka viambatisho. Kisha ndipo ujifunze lugha ya wenzako, ili mhandisi akisema jambo usitikise kichwa tu.

Na hesabu usizikimbie. Najua wengi mliumizwa na hesabu shuleni, mkaapa kutoonana nazo tena, na maumivu yale nayaelewa. Lakini kwenye nishati, asiyejua hesabu hubaki kunukuu hesabu za wengine. Zipo programu za bure za kupangia mifumo ya nishati, kama OSeMOSYS, ambazo mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuzipakua na kujifunza polepole. Nusu saa kila jioni. Haba na haba hujaza kibaba.

Tuje kwenye njia yenyewe, maana uliuliza kama utazeeka mwanafunzi. Tanzania, matangazo ya kazi ya mkufunzi msaidizi chuo kikuu kwa kawaida hudai GPA isiyopungua 3.8 kwenye shahada ya kwanza. Ukiingia hapo unakwenda uzamili na kuwa mhadhiri msaidizi. Ukimaliza uzamivu unakuwa mhadhiri, kisha mwandamizi, kisha profesa mshiriki, na hatimaye profesa. Kila ngazi ina machapisho yake na miaka yake. Uzamivu wenyewe kwenye karatasi ni miaka mitatu au minne, na ukweli ni kwamba wengi huvuka hapo. Kama GPA yako haikufika, usilie ukadhani mlango umefungwa milele. Kuna taasisi za utafiti, wizara, mamlaka za udhibiti na asasi za kiraia. Watu wamefanya kazi huko miaka mitano, wakarudi kusoma uzamivu wakiwa na swali lililoiva kuliko la aliyepitiliza moja kwa moja.

Ila nikuambie la moyoni. Itafika siku wenzako uliosoma nao wana viwanja na watoto wawili, na wewe unahesabu posho ya mwezi. Mjomba atakuuliza msibani mbele za watu, “Hivi unasoma mpaka lini?” Binti ataulizwa na la ndoa juu yake. Inauma. Usijifanye haiumi. Dawa yake ni kuwaeleza watu wa nyumbani mapema, kwa lugha yao, unachokifanya na muda kitakaochukua, ili wasibaki kukisia. Mzazi akijua kwamba mwanawe anachunguza kwa nini kijiji kinapitiwa na nyaya za umeme na nyumba zake ziko gizani, atakutetea mwenyewe kwa huyo mjomba. Na kama una mwenza, mweleze kabla ya kuanza. Kumweleza katikati ya safari ni kumwonea.

Msimamizi wa uzamivu mchague kwa makini kama unavyochagua mwenza. Jina kubwa ni zuri, lakini waulize wanafunzi wake wa zamani mambo matatu. Anarudisha kazi kwa muda gani? Wangapi wamemaliza mikononi mwake? Na je, akikukosoa, unatoka ukiwa umejua cha kurekebisha, au unatoka umevunjika tu? Kuuliza si ujinga. Aliyeogopa kuuliza mwezi wa kwanza hulia mwaka wa nne.

Sasa nikukanye, na hapa nakaza sauti. Utaanza kupokea barua pepe tamu zinazokuita “mtaalamu mashuhuri”, zinakuomba makala, zinaahidi kuichapisha ndani ya siku chache, ulipie tu. Mdogo wangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jarida la kweli halikusifu kabla halijakusoma. Linaipeleka kazi yako kwa wataalamu wengine waihakiki, linakaa nayo miezi, na mara nyingi linairudisha na masahihisho yanayokuchoma. Yale ya kuuza kurasa yatakula fedha zako, na siku ya kupandishwa daraja kamati haitayahesabu. Kabla hujatuma makala popote, mwonyeshe mhadhiri unayemwamini jina la jarida. Dakika tano zinaokoa mwaka mzima.

Na makala ikikataliwa? Lia siku moja. Siku ya pili isome ile barua tena, ukiwa umekula. Siku ya tatu anza kurekebisha. Hakuna msomi mzuri ambaye hajakataliwa. Aliyekukataa ameikataa karatasi ile, hajakukataa wewe.

Onyo jingine limetoka kwenye kidonda changu. Nikiwa kijana niliingizwa kwenye mradi mmoja wenye fedha za nje. Nikazunguka vijijini wiki nyingi, nikatafsiri mahojiano, nikawaeleza wageni kwa nini watu walijibu vile walivyojibu. Makala ilipotoka, jina langu halikuwa miongoni mwa waandishi. Lilikuwa kwenye shukrani, chini kabisa, tena limekosewa herufi. Nililia. Halafu nikatambua kwamba sikuwahi kuuliza. Niliona haya, nikidhani kuuliza ni kukosa adabu. Wewe usione haya. Kabla hujatoka kwenda uwandani, muombe kwa upole mkuu wa mradi yaandikwe haya: nani atakuwa mwandishi, kwa kazi gani, na takwimu zitabaki mikononi mwa nani. Mwenye nia njema hatakasirika. Atakayekasirika amekuonyesha mapema alivyo.

Na unapokwenda uwandani, fuata taratibu. Tanzania kibali cha utafiti ni cha COSTECH, Kenya ni cha NACOSTI, na baada ya hapo kuna mkoa, wilaya, mpaka mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Usiione kuwa ni kero. Mlango ulioufungua kwa hodi utakukaribisha tena.

La fedha nalo tulisema wazi. Nishati ina wenyewe. Kuna watu wa gesi, watu wa mafuta, watu wa sola, na kuna wanaharakati wanaopinga hiki na kile. Wote watakutafuta wakishaona unaandika vizuri. Chukua mfano wa bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Kuna wanaosema ni neema, kuna wanaosema ni msiba, na kila upande unatamani profesa wa kuunukuu. Sikwambii usiwe na msimamo. Afrika inachangia chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia, na karibu watu milioni 600 barani hawana umeme, kwa hiyo ni haki yako kuwa na hasira. Lakini hasira isikuandikie matokeo. Andika wazi nani amelipia utafiti. Ukikuta takwimu zimeenda kinyume na ulichotarajia, ziache ziseme. Msomi akishajulikana kwamba jibu lake hufuata bahasha, hana tena cha kuuza, maana mali yake ilikuwa kuaminika.

Usidhani ninakutisha. Nataka uingie ukiwa macho, kwa sababu tunakuhitaji. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lilianzishwa mwaka 1988, na ripoti zake ndizo ambazo serikali huzitegemea zinapokaa mezani kujadiliana. Mwaka 2023 lilikutana Nairobi likamchagua Mtanzania, Dk. Ladislaus Chang'a wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wake. Kabla yake Profesa Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa makamu mwenyekiti wa kundi linaloshughulikia athari na namna ya kukabiliana nazo. Watu wetu hao.

Na ujue kwamba wanaoandika ripoti hizo hawalipwi na jopo kwa kazi hiyo. Rasimu zake hufunguliwa kwa wahakiki, na mtu mwenye utaalamu anaweza kujiandikisha na kutoa maoni. Rasimu za kitabu cha kwanza cha ripoti ya sita, kilichotoka 2021, zilipokea maoni zaidi ya 78,000. Ipo pia skolashipu ya jopo hilo kwa wanafunzi wa uzamivu wa nchi zinazoendelea, iliyoanzishwa kwa fedha za Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 2007. Umeliona hilo? Mlango upo, na hauhitaji kujuana na mtu.

Na kumbuka Wangari Maathai. Alipata uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, na mwaka 1977 akaanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani pamoja na wanawake wa vijijini waliolalamika kwamba kuni ziko mbali na vijito vinakauka. Tuzo ya Nobeli ilimfikia 2004. Hesabu miaka iliyopita katikati. Wanawake wale walisema jambo la jikoni, na msomi akawasikiliza.

Ndiyo maana nakurudisha palepale kwa yule mama wa Mbagala. Makala iliyotokana na utafiti ule iliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida ambalo yeye asingeweza kulilipia. Niliona deni. Nikaandika kurasa mbili kwa Kiswahili, nikarudi kwake, na yeye akaita majirani. Mtoto wa darasa la sita akawasomea pale uani. Walinisahihisha mambo mawili, na yote mawili walikuwa sahihi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ukienda Ujerumani, Uingereza au Cape Town kusoma, nenda kwa furaha na baraka zangu, ila jibu lako lirudi kwa waliokupa swali, kwa lugha wanayoielewa.

Basi, mdogo wangu, kabla hujajaza fomu yoyote ya ufadhili, nina kazi ya kukupa wiki hii. Chukua daftari. Nenda nyumba tano za mtaani kwenu, piga hodi, salimia, kaa. Waulize wanapikia nini, wanalipa kiasi gani, na kwa nini si kile kingine. Usiishie sebuleni. Omba ruhusa ufike mpaka uani, uangalie sufuria iko juu ya jiko gani. Yaandike yote kwa maneno yao, kisha uniandikie ulichokikuta. Barua hiyo nitaijibu kabla ya nyingine zote.